Geuza Upande wa Pili

Mjomba wangu wa Awendo aliniachia santuri zake thelathini na kitu kwa sharti moja: "Okewa, zisikilize, lakini usiziue." Nikacheka. Santuri inauawaje? Nilizipanga kwenye kreti ya soda, nikapanda matatu, pale Rongo tukachepuka kuelekea Homa Bay, na jioni hiyo hiyo D.O. Misiani alikuwa anazunguka kwenye kisanduku changu: mashine ya bei rahisi yenye spika zake ndani, inayofungwa kama mkoba wa karani.

Baada ya miezi miwili nilielewa. Wimbo niliokuwa nimeurudia sana ulianza kukwaruza, hasa mwimbaji akipandisha sauti. Sindano ilikuwa imelika, na mashine yenyewe iliikandamiza kwa uzito usiorekebishika. Kila niliposema nafurahia santuri za mjomba, kumbe nilikuwa nazilima.

Nikaanza kutafuta namna ya kuboresha mambo, na hapa ndipo nina ugomvi na ushauri unaozagaa kila mahali: anza na spika kubwa, tafuta amplifaya yenye nguvu. Huo ni ushauri wa watu wenye santuri ndefu za stirio zilizorekodiwa London au New York. Sisi tuna benga. Enzi zake, benga ilitufikia hasa kwa santuri ndogo za inchi 7, mizunguko 45 kwa dakika, nyingi zikiwa mono, na mara nyingi wimbo mmoja uligawanywa: Part 1 upande huu, Part 2 upande ule.

Wapo wanaouona mgawanyo huo kama dosari. Nafasi haikutosha, basi wakakata wimbo. Mimi naona wanamuziki waliuchukua upungufu huo wakaufanya kuwa umbo. Upande wa kwanza ni wa maneno: nani anasifiwa, nani katenda nini, nani ametoka wapi. Upande wa pili, mara nyingi, waimbaji wanapisha. Gitaa linadonolewa kama nyatiti, besi haijifichi nyuma bali inaruka mbele na kujibu, na mwendo unapanda. Misiani, aliyezaliwa 1940 upande wa Shirati, Tanzania, na aliyejijengea jina huku Kenya, alijua kulivuta jambo hilo na Shirati Jazz yake hadi mtu akasahau kinywaji mezani.

Sasa msikilize kwenye simu. Mara nyingi mtandaoni nimekuta Part 1 pekee, ikififia pale pale shughuli inapoanza. Manze, hiyo ni kama kuhakiki riwaya uliyoisoma nusu.

Kwa hiyo, swali la kuiuliza mashine si "ina nguvu kiasi gani?" Ni "itanifikisha upande wa pili, leo na miaka kumi ijayo?" Nilipouliza hivyo, orodha ilijipanga yenyewe. Kwanza, nilisafisha santuri kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, nikiikinga ile karatasi ya katikati isilowe. Pili, nilitafuta mashine ya mtumba yenye mkono unaorekebishika, nikaifunga sindano mpya inayokanyaga kwa gramu 2 hivi. Tatu, nilibonyeza kitufe cha mono kwenye amplifaya.

Kitufe hicho ndicho kilichonishangaza kuliko vyote. Sindano ya stirio husoma mitikisiko ya kushoto na kulia, na pia ya juu na chini. Kwenye santuri ya mono, muziki uko kwenye ile ya kushoto na kulia tu. Kinachorukaruka juu na chini ni vumbi na uchakavu. Ukiziunganisha njia mbili kuwa moja, kelele hiyo ya juu na chini inajifuta, na besi inasimama katikati ya chumba kama mtu. Spika? Ni zile zile za redio ya zamani ya mama.

Najua kuna wasee watakaoniambia mikwaruzo ndiyo ladha, kwamba benga iliyosafishwa si ya baa za Migori tena. Ningekubali kama mikwaruzo hiyo ingekuwa ya Misiani. Hakuirekodi. Mingine ni ya baa, sawa, lakini mingine naijua kwa tarehe, kwa sababu niliiweka mimi. Tukiiita ladha, tutakuwa tunajisamehe haraka mno.

Mjomba alipokuja Homa Bay kututembelea, nilimchezea ule wimbo nilioharibu. Ningeweza kuchagua mwingine. Sauti ilipofika penye mkwaruzo alinitazama, nami nikatazama sakafu. Hakusema neno. Upande ulipoisha, sindano ikabaki ikizunguka kwenye mfereji wa mwisho, akasogeza kiti chake karibu na spika.

"Haya," akasema, "geuza."