Tatizo la Uchunguzi na Namna ya Kulieleza: Mfano wa Lugha za Babati

Katika sura ya kwanza ya tasnifu za isimu kuna kifungu kifupi kiitwacho "Tatizo la Utafiti". Kwa urefu ni kidogo, pengine nusu ya ukurasa. Kwa uzito ndicho kibebacho kazi nzima, kwani maswali, malengo, uteuzi wa watoa habari na hitimisho vyote hutoka humo. Hata hivyo ndicho kifungu kinachoandikwa kwa haraka kuliko vyote, tena kwa maneno yale yale, kiasi kwamba ukibadili jina la lugha na la wilaya chaweza kuhamishiwa tasnifu nyingine bila mtahini kutambua.

Sehemu ya lawama ni ya neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku "tatizo" ni shida: maji hayatoki, ada haijalipwa. Mwanafunzi aambiwapo aeleze tatizo lake hutafuta basi shida ya kusikitisha, naye huipata upesi: lugha inapotea, vijana hawaijali, wazee wanakufa nayo. Yote hayo yaweza kuwa kweli, lakini ni maombolezo. Asili ya neno hili imo katika kutata, yaani kujifunga kama uzi uliosokotana. Humo humo mmetoka utata, kutatiza, na kinyume chake kutatua. Tatizo la uchunguzi ni fundo: mambo mawili yanayojulikana, na yote mawili yana ushahidi, lakini hayakubaliani. Pasipo fundo hapana cha kutatua.

Dai jingine lililozoeleka ni kwamba "hakuna aliyechunguza jambo hili". Mara nyingi dai hili si kweli. Chukua Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Mjini humo na vijijini kandokando hukutana Kigorowa na Kiiraqw, ambazo ni za Kikushi, Kimbugwe na Kirangi, ambazo ni za Kibantu, na Kidatoga, ambayo ni ya Kiniloti. Na si mbali sana wako Wasandawe na Wahadza. Si nchi isiyokanyagwa na wachunguzi. W. H. Whiteley alitoa maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958, Maarten Mous akaandika sarufi yake mwaka 1993, na mwaka 2018 zilitoka tasnifu za Andrew Harvey juu ya nomino ya Kigorowa na Vera Wilhelmsen juu ya Kimbugwe. Na hata dai lile likiwa kweli, halitoshi. Hakuna aliyehesabu silabi katika mabango ya maduka ya Babati. Wala hapana sababu ya kuzihesabu.

Kosa lililo baya zaidi, kwa kuwa lafanana sana na elimu, ni kutia jibu ndani ya tatizo. Tuseme mtu ameandika kwamba wanafunzi wa Babati hukosea matamshi ya Kiswahili "kutokana na athari za lugha mama", na kwamba atachunguza athari hizo. Ni lugha mama ipi kati ya hizo tano? Kiiraqw hakina z wala v za asili. Mtu aweza kutazamia kwamba msemaji wake atasema s na f mahali pake. Hilo ni tazamio lililo wazi, na laweza kupimwa. Lakini ikiwa mtoto wa Kimbugwe au wa Kirangi anakosea vivyo hivyo, au ikiwa mtoto wa Kiiraqw aliyezaliwa mjini hakosei kabisa, basi neno "athari" limeanguka, na papo hapo ndipo uchunguzi ungeanza. Mwandishi aliyekwisha kuamua sababu hawezi kuiona nafasi hiyo.

Fundo la kweli lipo hapo hapo Babati, nalo lafaa kufundishiwa. Kiswahili husema "atakuwa anasoma": kitenzi kisaidizi hutangulia, kitenzi kikuu hufuata. Huo ndio mpangilio wa kawaida wa lugha za Kibantu. Kimbugwe na Kirangi, katika namna fulani za wakati ujao, hugeuza: kitenzi-jina hutangulia na kisaidizi hufuata, kama kwamba mtu angesema "kusoma atakuwa". Jawabu la haraka ni kwamba wamewaiga jirani zao Wakushi, ambao kwao yambwa hutangulia kitenzi. Lakini katika Kiiraqw neno libebalo alama za nafsi na wakati, lililo mfano wa kisaidizi, hukaa kabla ya kitenzi. Jirani basi hana mpangilio ule unaodaiwa kukopwa kwake. Mous alitafuta chanzo ndani ya Kimbugwe chenyewe; wengine hawakuiacha njia ya ujirani. Na zaidi, Wambugwe wako kaskazini upande wa Magugu na Warangi kusini upande wa Kondoa, na kati yao wamekaa Wagorowa.

Hayo yakiandikwa kwa sentensi nne au tano, tatizo limekwisha kuelezwa. Halina haja ya kupambwa kwa takwimu za dunia, wala kwa sera ya taifa, wala kwa kilio.

Tofauti yake huonekana siku mchunguzi anapofika kijijini, kwa mzee aliyeacha shamba lake ili kumsikiliza. Mwenye tatizo la maombolezo ataandika majina ya kichwa, mkono na mguu, atamshukuru mzee na kurudi chuoni. Mwenye fundo atajua kwamba maelezo ya wakati ujao hayatoshi. Kwani Hannah Gibson, katika tasnifu yake ya mwaka 2012, ameonyesha kwamba katika Kirangi mpangilio hurudi kuwa wa kawaida katika maswali ya "nani" na "nini", katika ukanushi na katika vishazi rejeshi. Basi kwa Wambugwe atauliza hayo yote, moja baada ya jingine, na saa mbili za mzee yule zitakuwa zimemjibu swali.