Hirizi Haisomwi: Msamiati wa Uganga wa Kitabu na Neno "Ushirikina" katika Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kuna neno moja ambalo limekuwa jibu la maswali mengi mno. Mhusika akivaa hirizi, mhakiki huandika "ushirikina". Akinywa kombe, akipiga ramli, akipungwa pepo, akipeleka sadaka mzimuni, jibu ni lilo hilo. Mwanafunzi wa Tanga huliandika katika karatasi yake ya mtihani, na mwenzake wa Mabawe, wilayani Ngara, huliandika vilevile, ingawa huyu wa pili huenda hajapata kuiona hirizi ya Kiarabu kwa macho. Hoja ya makala haya ni kwamba neno hilo halifai kuwa istilahi ya uhakiki. Neno hilo ni hukumu, tena ni hukumu iliyokwisha kutolewa katika shauri la watu wengine kabla mhakiki hajaifungua riwaya.

Tuanze na neno lenyewe. Asili yake ni Kiarabu *mushrikina*, umbo la wingi lenye maana ya wale wanaomfanyia Mungu washirika. Kiswahili kilipolipokea, silabi ya kwanza ilifanana na kiambishi cha ngeli ya watu. Wingi wa Kiarabu ukageuka umoja wa Kiswahili, mshirikina, ukazaa washirikina, kisha ushirikina. Mzizi wake ndio huohuo uliotupatia kushiriki, shirika na ushirika, kiasi kwamba ushirika wa kahawa wa Kagera na dhambi kubwa kuliko zote katika Uislamu ni ndugu wa tumbo moja kileksika. Jambo la msingi, hata hivyo, ni kuwa katika chimbuko lake neno hili halina maana ya "imani za giza" wala "uchawi". Ni neno la tauhidi. Linauliza swali moja tu: nguvu ya kuponya au kudhuru imenasibishwa na nani?

Swali hilo wanazuoni hawajakubaliana juu yake inapokuja kwenye hirizi. Ipo hadithi inayojulikana sana, iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, inayolaani kutundika hirizi na kuihesabu kuwa shirki. Wapo walioichukua kwa ujumla wake, na wapo walioihusisha na hirizi za zama za kabla ya Uislamu, wakaruhusu ile iliyoandikwa aya za Kurani. Hata Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328 na ambaye hakuna anayemshuku kwa ulegevu katika mambo haya, aliruhusu aya ziandikwe kwa wino, zioshwe, na mgonjwa anywe. Kwetu pwani, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, alizipiga vita desturi nyingi alizozihesabu kuwa bidaa, ilhali masheikh wengine wa zama zake waliendelea kuandika na kusomea bila ya kujiona wamevuka mpaka. Mhakiki anayeandika "ushirikina" pembezoni mwa ukurasa wenye kombe amejiunga na upande mmoja wa mjadala huu, na mara nyingi hajui kuwa mjadala upo.

Tukiuacha mjadala huo tukautazama msamiati, tunakuta jambo ambalo wahakiki hawajalizingatia vya kutosha. Majina ya vifaa na elimu za uganga wa kitabu kwa kiasi kikubwa ni ya Kiarabu: hirizi, kutokana na neno lenye maana ya kinga au ngome; talasimu, ambalo Waarabu nao walilipata kwa Wayunani; azima; ramli, yaani mchanga; falaki; buruji; rohani; jini. Vitenzi, kwa upande mwingine, ni vya Kibantu. Hirizi hufungwa, ramli hupigwa, aya huandikwa na kusomwa, pepo hupungwa, mgonjwa huaguliwa na kuzinguliwa, nyumba hufingwa, shamba hukagwa. Vitenzi vya Kiarabu vipo, kama kusihiri, kuhusudu na kubashiri, lakini viwili vya mwanzo vinataja kosa, na cha tatu kinataja maneno tu. Kitendo chenyewe cha kutibu kimebaki katika Kibantu. Nisieleweke kuwa ninadai kanuni isiyo na kasoro, kwani kuloga ni Kibantu na hakuna anayekiita tiba. Lakini mwelekeo uko wazi, na unatuambia kwamba elimu ya kitabu haikuja ikakuta uwanja mtupu. Ilikuta watu wenye vitenzi vyao. Hata jina la fani nzima, uganga wa kitabu, kichwa chake ni uganga. Kitabu ni kivumishi tu.

Kombe linastahili aya yake. Sheikh huandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, huziosha kwa maji au marashi ya mawaridi, na mgonjwa hunywa. Hii ndiyo dawa iliyo karibu kuliko zote na Kurani, nayo ndiyo yenye jina lisilo la Kiarabu. Kombe ni sahani au bakuli kubwa. Chombo kimeipa dawa jina lake. Udogo wake ni kikombe, na msomaji atakumbuka kwamba mwaka 2011, maelfu ya watu walipomiminika Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyeuza dawa yake kwa shilingi 500, walisema wanakwenda "kunywa kikombe". Sidai kuwa Loliondo ilichukua neno kutoka kwa masheikh wa pwani. Ninachosema ni kuwa sarufi ya kunywa tiba kwa jina la chombo chake ilikuwa tayari katika lugha, na haikuuliza dini ya mnywaji.

Hapa pana tatizo la kinadharia ambalo naliona kubwa kuliko la istilahi. Mapokeo yetu ya uhakiki, hasa yale ya shuleni, yamejengwa juu ya fani na maudhui. Matini ina umbo na ina ujumbe, na kazi ya msomaji ni kuufikia ujumbe kupitia umbo. Hirizi ni matini inayoukataa mfumo huu. Imeandikwa, tena kwa uangalifu: huenda jina la mvaaji na la mama yake yamegeuzwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi, na nyota yake imetafutwa kwanza. Kisha ikakunjwa, ikashonewa ngozini, na tangu hapo haisomwi. Anayeifungua ili aisome anaiharibu. Kombe ndilo limevuka zaidi, kwani maandishi yake lazima yafutike ndipo yafanye kazi. Mbele ya matini ya namna hii, swali "mwandishi anatoa ujumbe gani?" linakosa pa kushika. Nguvu ya andiko iko katika kugusana kwake na mwili, na mpokeaji anaweza kuwa hajui kusoma hata herufi moja.

Mtu asidhani kuwa jambo hili liko pembezoni mwa fasihi. Al-Busiri, mshairi wa Misri wa karne ya 13, alisimulia kwamba alipatwa na ugonjwa wa kupooza, akaitunga kasida ya Burda, akamwota Mtume akimfunika joho lake, akaamka mzima. Mpaka leo Burda husomwa kwa kutaraji shifaa. Huyu ndiye mtunzi wa Hamziya, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na Sayyid Aidarusi wa Pate, na ambayo ni miongoni mwa kazi kongwe kabisa tulizo nazo. Fasihi yetu andishi, kwa maneno mengine, ilianza katika jamii iliyoamini kuwa shairi linaweza kuponya.

Turudi kwenye kitenzi, maana ndiko ninakoona ushahidi ulio bora. Kusoma, kikipata kauli ya kutendea, huwa kusomea. Mgonjwa husomewa ili apone. Mwizi asiyejulikana naye husomewa, halbadiri, ili adhurike. Halbadiri asili yake ni watu: *ahl Badr*, wale waliopigana vita vya Badri mwaka wa 2 Hijria, ambao majina yao hutajwa katika kisomo hicho. Kiswahili kimewatoa katika ngeli ya watu kikawaingiza katika ngeli ya vitu: halbadiri imesomwa, halbadiri imemshika. Mtu anaposema "fulani amesomewa", sarufi haituambii kama ametendewa wema au ubaya. Kiambishi cha kutendea kinaonyesha tu nani amekusudiwa. Mwandishi mwenye sikio anaweza kuutumia utata huu kujenga sura nzima ya riwaya. Mhakiki aliyekwisha kuandika "ushirikina" hatausikia, kwa kuwa kwake jibu ni moja kwa sheikh anayeponya, sheikh anayeogopwa na mtu anayejidai kuwa sheikh.

Linganisha na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, lakini ambacho kwa sehemu kubwa ni kazi ya Mtoro, kinataja katika anwani yake desturi za Waswahili na pia habari za sheria zao. Viwili hivyo vimewekwa bega kwa bega. Mtoro alikuwa Mwislamu mwenye elimu, na uganga, pepo na viapo anavisimulia bila papara, kwa sauti inayotawaliwa na hu- ya mazoea: watu hufanya hivi, husema hivi. Naiona hu- hiyo kuwa msimamo wa kihakiki ulio makini kuliko wa wengi wetu. Haiungi mkono wala haihukumu.

Katika Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla (1960), maiti ya Bwana Ali inapatikana mzimuni, na Bwana Msa hakubali kuwa mizimu ndiyo muuaji. Imezoeleka kusema kuwa riwaya hii ni ushindi wa akili dhidi ya ushirikina. Lakini mzimu ni neno la Kibantu na mahali pa watu wa kale; si hirizi, si falaki, si kisomo. Kuiita riwaya nzima vita dhidi ya "ushirikina" ni kukusanya katika gunia moja mambo ambayo lugha ya Unguja yenyewe inayatenganisha.

Na huko bara je? Mwanafunzi wa Mabawe anayezungumza Kihangaza nyumbani haji kwenye riwaya ya pwani akiwa mikono mitupu. Mlozi wa Kiswahili ana nduguye, *umurozi*, katika Kirundi na Kinyarwanda, jirani wa karibu wa lugha yake. Mpiga bao anafahamika kwa Wahaya kama *omufumu*. Anachokikosa ni tabaka la maandishi: zafarani, abjadi, sahani. Mwalimu anapomwambia kuwa yote ni ushirikina, anamfunga mlango palepale ambapo ulinganishi ungeanza, na anamfundisha kuwa mganga, mlozi na sheikh ni mtu mmoja.

Katika Kanda ya Ziwa fundisho hilo si la darasani pekee. Vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa walozi, na tangu mwaka 2007 hivi mauaji ya watu wenye ualbino yameitia nchi aibu. Sheria ya Uchawi ya 1928 na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 zimejitahidi, kila moja kwa namna yake, kuchora mstari kati ya anayedhuru na anayetibu. Serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli Januari 2015, lugha ya maofisa na magazeti ilikwisha kuwa na istilahi yake: ramli chonganishi. Neno la elimu ya mchanga limepewa kivumishi cha Kibantu kinachotaja hasa kosa linalokusudiwa, yaani kumtajia mtu jirani yake kuwa ndiye adui. Kivumishi hicho hakikutungwa na wahakiki wa fasihi, lakini kimefanya upambanuzi ambao uhakiki wetu bado haujaufanya.