Asilimia ya Nini?

Anayeuza mawe ya shaba Likasi, mji wa Katanga nchini Kongo, halipwi kwa uzito peke yake. Magunia yakifika depo, mnunuzi anachukua kidogo, anakielekezea kimashine cha mkononi, na namba inayotokea ndiyo itakayoamua jioni hiyo nyumbani kutapikwa nini. Hapo mtu asiye na kikokotoo wala kalamu anapiga hesabu ya asilimia kichwani, haraka na bila kukosea. Ufundi huo nauheshimu kama ninavyouheshimu wa seremala.

Tuseme gunia lina kilo 50, na mnunuzi anadai mawe yana maji, 8%. Mchimbaji mzoefu anaigeuza hesabu: 8% ya 50 ni sawa na 50% ya 8, yaani nusu ya nane. Kilo 4 zinatoka, 46 kavu zinabaki. Shaba ikiwa 10%, anasogeza nukta tu: kilo 4.6. Kugeuza huku kungefaa kufundishwa watoto kabla ya kanuni yoyote ya ubaoni, maana kunawaonyesha kwamba namba zinakubali kushikwa upande wowote.

Ugumu unakuja pale kipimo cha kwanza kinaposema 12% na cha pili 9%. "Papa, zimepungua tatu tu," atasema mnunuzi. Ni tatu kweli, lakini ni tatu katika kumi na mbili. Ajuaye anajibu, "Hapana, papa, umeniondolea robo ya shaba yangu." Jibu hilo fupi lina thamani kuliko magunia kadhaa, kwa kuwa bila hilo robo ingepita mbele ya macho ya watu wote ikiitwa tatu.

Asilimia humwambia mchimbaji pia alichobeba. Malakiti safi, lile jiwe la kijani, ina shaba 57.5% na haizidi hapo. Kama shaba yote ya gunia imo katika malakiti na mashine inasoma 20%, basi malakiti ni zaidi kidogo ya theluthi ya mzigo. Kilichobaki ni udongo na mawe yaliyomchosha mgongo bure.

Karibu na Likasi uko mgodi wa Shinkolobwe, ambako Wamarekani walipata mawe ya urani yenye oksidi 65%. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kwao hata mawe ya 0.3% yalihesabiwa kuwa mazuri. Tofauti ni zaidi ya mara 200, na inaeleza kwa nini mawe ya Katanga yalivushwa bahari kwa ajili ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945.

Siku hizi asilimia inayonigusa zaidi ni ya mrabaha, yaani malipo ya mgodi kwa madini unayouza. Kwa sheria ya madini ya Kongo ya 2018, shaba inatozwa 3.5%, na kobalti, ilipotangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa mwaka huo, ikapanda hadi 10%. Katika mrabaha huo, 15% ni haki ya mamlaka ya mahali mgodi ulipo. Wengi wanasikia kumi na tano na kuridhika. Lakini kwa kobalti ni 15% ya 10%: katika dola 100, dola 1.50; kwa shaba ni 15% ya 3.5%: senti 52 na ushei. Ni fedha ndogo kwa kila mia, ila migodi huuza mamilioni. Mama wa Kikula, komuni ya Likasi, aliyezoea kukata faida ya unga sokoni ana hesabu yote anayohitaji kusimama mbele ya bourgmestre, mkuu wa komuni, na kumwomba aseme mgodi uliuza kiasi gani mwaka jana, kisha wazidishe pamoja.