Sifa za Wanaofunza Maksai

Katika mashindano ya farasi ya siku tatu, yaliyoingia Olimpiki mwaka 1912 huko Stockholm, leo farasi hupimwa utii kwanza, kisha mbio za porini na viunzi. Mbeya na Iringa farasi ni wachache, lakini utii wa namna hiyo hufundishwa kwa maksai wachanga, na wanaoufundisha hawajasifiwa inavyostahili. Mfunzaji huchagua wawili wanaolingana kimo na mwendo, wa miaka miwili au mitatu. Huwazoesha kamba, kisha nira tupu, kisha gogo la kuburuta, na ndipo plau. Kila mmoja ana jina lake na upande wake. Ukiwabadilisha, mstari unapinda. Mkaidi hufungwa nira moja na mzoefu, ambaye humfundisha kuliko mtu yeyote.

Watasema trekta na pawatila zimekuja. Zimekuja kweli, hasa kwenye mpunga wa Usangu, na hakuna sababu ya kuzikataa. Lakini zinadai dizeli, vipuri na fundi. Maksai hula majani, hutoa samadi, na akizeeka huuzwa kwa bei nzuri. Ndiyo maana mwishoni mwa miaka ya 1980 Mbeya ilikuwa na mradi mzima wa maksai, uliosaidiwa na Kanada. Hoja nzito zaidi ni ya ukatili, maana fimbo kweli hutumika ovyo. Ila tazama anayechapa sana: mara nyingi wanyama wake hawakufunzwa. Aliyefunza vizuri huita jina tu, na jozi inageuka mwisho wa shamba.