Divai ya Mgiriki, pombe ya mtama: nani kasema moja ni sanaa na nyingine ni "kienyeji"?

Simulizi ya divai wengi tunaijua. Wagiriki walikuwa na mungu wake, Dionysos. Walikuwa na mitungi yake, karamu zake na washairi wake. Tunasimuliwa mambo hayo kwa kurasa nyingi, na kwa heshima zote. Ikifika zamu ya Afrika, sauti inashuka: "pia zipo pombe za kienyeji". Aya moja, picha ya ndoo ya plastiki, onyo la afya, kwaheri.

Leo nataka tuihakiki simulizi hii kama tunavyohakiki makala ya utafiti. Ushahidi wake ni upi? Na hitimisho lake limetokana na ushahidi, au ni mazoea tu? Mizani yetu iwe pombe ya mtama, ya aina inayopikwa majumbani huku Bariadi, Maswa na Meatu. Tuelewane mapema: sikushawishi unywe. Ethanoli haina kabila. Ile iliyomo kwenye divai ya Santorini na iliyomo kwenye kibuyu ni molekuli ileile, na ini lako halisomi lebo.

Tuanze na kemia

Kutengeneza divai, kwa upande wa kemia, ni jambo jepesi kuliko unavyodhani. Zabibu iliyoiva ina sukari tayari, mara nyingi zaidi ya asilimia 20 ya juisi yake. Ina asidi inayozuia bakteria wengi waharibifu. Hata hamira nyingine zinakuja zenyewe kutoka shambani, juu ya ganda. Ukizikamua ukaziacha kwenye chombo, uchachushaji utaanza bila wewe kufanya kitu. Kupata divai nzuri ni ufundi mkubwa, hilo silikatai. Lakini kupata divai tu, zabibu inajifanyia kazi nyingi yenyewe.

Sasa chukua mtama. Ndani yake kuna wanga, na hamira haili wanga. Ukiloweka unga wa mtama kwenye maji ukasubiri ulevi, utasubiri sana. Kwanza lazima wanga ukatwekatwe kuwa sukari, na mkasi wenyewe ni vimeng'enya vya amilesi ambavyo mbegu huvitengeneza inapoota. Ndiyo maana mpishi analoweka mtama, anauacha uchipue, kisha anauanika na kuusaga. Hicho ndicho kimea.

Bado kuna mtego. Wanga wa mtama ni mgumu: unahitaji joto la karibu nyuzi 70 za Selsiasi ndipo uvimbe na kufunguka vizuri. Joto hilohilo linaharibu vingi kati ya vimeng'enya vya kimea. Yaani ukipika vyote pamoja, unafungua mlango huku unavunja mkasi. Utafanyaje?

Njia zinatofautiana nyumba kwa nyumba, lakini jibu la wapishi wengi wa Afrika Mashariki ni moja: pika uji mzito kwanza, uache upoe hadi uwe vuguvugu, ndipo utie kimea. Wanga umeshafunguka, vimeng'enya viko hai. Hapo kuna hatua mbili za kemia zinazopingana, na mtu asiye na kipimajoto amezipatanisha kwa mkono na kwa macho. Mimi hiyo naiita teknolojia, na sioni sababu ya kuiweka chini ya kukamua zabibu.

Mashahidi wawili wa Kigiriki

Dharau kwa pombe ya nafaka ina historia, na sehemu yake kubwa imeandikwa kwa Kigiriki. Kwa Mgiriki wa karne ya 5 KK, mstaarabu alikunywa divai iliyochanganywa na maji kwenye chombo kikubwa kiitwacho krater. Wanaokunywa divai kavu, au pombe ya shayiri, walikuwa watu wa nje.

Aristotle, baba wa mantiki, anatajwa na mwandishi Athenaeus kuwa alidai hivi: mlevi wa divai anaanguka upande wowote, ila mlevi wa pombe ya shayiri anaanguka chali tu. Kama mhakiki wa utafiti, ningemrudishia karatasi yake. Sampuli iko wapi? Nani alihesabu?

Xenophon ana alama nzuri zaidi. Majira ya baridi ya mwaka 401 kuingia 400 KK, akirudi na jeshi kupitia Armenia, alikuta vijijini vyombo vya kinywaji cha shayiri. Akaandika alichokiona: nafaka zinaelea juu, kuna mirija isiyo na vifundo ya kunyonyea, kinywaji ni kikali usipotia maji, na ukikizoea ni kitamu. Hakucheka. Na alikiita divai ya shayiri! Msomaji aliyewahi kuona wazee wakinywa busaa au ajono kwa mirija huko Kenya na Uganda atamwelewa Xenophon bila mkalimani.

Kimea ndani ya Ugiriki yenyewe

Hapa ndipo simulizi inapopasuka. Mwaka 2018 lilichapishwa gazetini la wataalamu wa mimea ya kale andiko la mwanaakiolojia Soultana Valamoti, wa Chuo Kikuu cha Aristotle cha Thessaloniki. Alichunguza nafaka zilizoungua kutoka Archontiko na Argissa, kaskazini na katikati ya Ugiriki, za karibu miaka 4,000 iliyopita. Baadhi zilikuwa zimechipua, na chini ya hadubini ya elektroni wanga wake ulionyesha dalili za kuchimbwa na vimeng'enya. Kwa lugha yetu: kimea.

Ugiriki hiyohiyo ina ushahidi wa zabibu zilizokamuliwa huko Dikili Tash, zaidi ya miaka 6,000 iliyopita. Kwa hiyo inaelekea vinywaji vyote viwili viliwahi kuishi humo. Dharau ilikuja baadaye. Haikuwa tabia ya nafaka. Ulikuwa uamuzi wa watu.

Basi kwa nini divai ilishinda? Jibu langu ni la ghala na bandari. Divai ina asidi na ulevi wa kutosha kukaa muda mrefu kwenye mtungi uliopakwa utomvu wa msonobari (ladha hiyo bado ipo kwenye retsina ya leo). Ilipakiwa melini hadi Massalia, ambayo sasa ni Marseille, na kuuzwa kwa watu wa Gaul. Pombe ya nafaka ambayo bado inachacha huharibika ndani ya siku chache, hivyo ilinywewa palepale ilipopikwa. Kilichosafiri kiliandikwa. Kilichobaki nyumbani kikaitwa cha nyumbani.

Gharama ya neno

Angalia tunavyolitumia neno lenyewe. Mzabibu uliletwa Dodoma na wamisionari katika karne ya 20, na leo una kituo chake cha utafiti, TARI Makutupora. Divai yake hatuiiti ya kienyeji. Mtama ulianza kulimwa Afrika, na ushahidi kutoka mashariki mwa Sudan unafika zaidi ya miaka 5,000. Huo ndio tunaouita kienyeji, kwa sauti ya kushusha. Tena neno hilo linabeba pombe ya mtama na gongo kwenye gunia moja, wakati gongo inakenekwa na ina hatari zake tofauti kabisa.

Lakini wanaosifia mila bila kuuliza kitu nao siwaungi mkono. Chipukizi la mtama lina durini, kemikali inayoweza kutoa sianidi. Kukausha, kung'oa vichipukizi na kupika hupunguza hatari hiyo, ila kwa kiasi gani, na katika hatua ipi ya upishi? Hilo ni swali la kupimwa sufuria kwa sufuria. Ukishakiita kitu "cha kienyeji" na kufunga mjadala, hakuna anayeleta vipimo. Na anayebeba hatari ni mpishi na wateja wake.

Mfano wa kufanya vizuri tunao. Mwaka 2003 watafiti wa SUA Morogoro na wenzao wa Norway walichapisha kazi kuhusu togwa: walitumia bakteria wa asidi ya laktiki na hamira zilizochaguliwa kama kianzio, badala ya kutegemea bahati. Togwa haikupoteza utamaduni wake kwa kuingia maabara.

Kwa hiyo, mwanafunzi wa kemia au mikrobiolojia unayetafuta mada ya utafiti: kabla hujaandika "historia ya divai" kwa mara ya mia, nenda na kipimajoto na karatasi za pH kwa mama anayepika pombe mtaani kwenu. Muulize anajuaje uji umepoa vya kutosha kutiwa kimea. Andika jibu lake, pima, kisha muonyeshe namba zako. Xenophon alifanya nusu ya kazi hiyo akiwa anakimbia vita.