Peke Yako na Upepo wa Atlantiki

Waendesha baiskeli wakiwa kundi hukingana upepo. Wa mbele anaukata, wa nyuma anapumzika mgongoni mwake, kisha wanapokezana. Anayesafiri peke yake hana mgongo wa kujificha. Upepo wote ni wake, tangu asubuhi hadi jua kutua. Ndiyo maana naamini ufundi wa safari ya baiskeli haujifunziki vizuri popote kama pwani, ukiwa huna mwenzako.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni La Vélodyssée, kandokando ya Atlantiki upande wa Ufaransa. Inaanzia Roscoff, bandari ya Bretagne, na kuteremka zaidi ya kilomita 1,200 hadi Hendaye, mpakani na Hispania. Sehemu kubwa haina magari: unapita kando ya mifereji, katikati ya mashamba ya chumvi, ndani ya misitu ya misonobari. Wengi huifuata kutoka kaskazini kwenda kusini, na sababu ni upepo, kwa kuwa pwani ile hupigwa zaidi na pepo za magharibi na kaskazini-magharibi. Ukiteremka, unasukumwa begani. Ukipanda, unapigwa usoni kutwa. Nahodha wa Lamu hahitaji kuelezwa jambo hili. Wazee wake walipanga mwaka mzima kwa kaskazi na kusi. Mwendesha baiskeli anapiga hesabu hiyo hiyo kwa siku moja: anaondoka alfajiri, na ile sehemu iliyo wazi, isiyo na mti wala ukuta, anaimaliza kabla upepo wa bahari haujapata nguvu mchana.

Na upepo ukishakuja, haushindwi kwa ubavu. Unakunja viwiko, unainamisha kifua, unaweka gia nyepesi, miguu inazunguka upesi bila kukandamiza pedeli. Anayeng'ang'ania gia nzito hulipa kwa magoti jioni. Paul de Vivie wa Saint-Étienne, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, alilipigania jambo hili katika jarida lake la Le Cycliste aliloanzisha mwaka 1887, wakati wengi waliona gia za kubadilisha ni za wanyonge. Alifariki mwaka 1930, na mashindano ya Tour de France hayakuziruhusu hadi 1937. Yeye ndiye aliyewausia wasafiri kula kabla ya kuona njaa, na kunywa kabla ya kuona kiu. Ukiwa peke yako usia huo ni sheria, maana hakuna wa kukutazama usoni akakwambia umechoka. Na vijiji vya Ufaransa hufunga maduka mchana, kwa hiyo mkate hununuliwa asubuhi.

Lakini mtihani halisi wa njia hii ni Gois.

Gois ni barabara ya zaidi kidogo ya kilomita nne, kutoka Beauvoir-sur-Mer hadi kisiwa cha Noirmoutier, na bahari huifunika mara mbili kila siku. Daraja lilijengwa mwaka 1971, na asiyetaka shida hupita huko. Mimi napita Gois. Saa za maji zimebandikwa kila upande: unaruhusiwa kuvuka kuanzia saa moja na nusu hivi kabla ya maji kupwa kabisa hadi saa moja na nusu baada yake. Kando ya barabara imesimamishwa minara ya mbao yenye ngazi, akimbilie huko aliyekamatwa na maji. Siku za bamvua maji hutoka mbali sana, na watu hushuka na ndoo kuchimba kombe kwenye matope, kama tunavyoona kwetu maji yakitoka. Hapo ujuzi wa mtoto wa pwani haupotei: unatazama mwezi kabla ya kutazama ramani.

Barabara yenyewe ina mawe yaliyolowa na mwani unaoteleza. Mwaka 1999 waendeshaji wa Tour de France walianguka hapo kwa wingi, na Alex Zülle akapoteza zaidi ya dakika sita. Kwa hiyo unapunguza upepo kidogo kwenye tairi ili zishike, unashika usukani bila kuukaza, unakwenda moja kwa moja, na breki ya mbele huigusi. Ukifika ng'ambo kazi haijaisha. Chumvi hula mnyororo. Nauosha kwa maji baridi ya bomba, naukausha kwa kitambaa, kisha natia tone moja la mafuta katika kila pingili, nikizungusha pedeli kinyumenyume kwa mkono hadi niirudie pingili niliyoanzia. Mafuta yanayobaki nje nayafuta, maana huvuta mchanga.

Sipendi kusafiri na mizigo mingi, na sitalizungumza sana hilo. Cha lazima ni kile cha pancha: tyubu moja ya akiba, viraka, gundi, msasa, pampu. Kuziba pancha ukiwa peke yako msituni kuna raha yake. Unaitoa tyubu, unaijaza, unaipitisha karibu na mdomo mpaka uusikie upepo mwembamba kwenye ngozi. Unasugua msasa, unapaka gundi, na unaiacha ikauke. Hapo ndipo wenye haraka huharibu. Kiraka kilichobandikwa gundi ikiwa mbichi hakidumu. Wakati unangoja, unapitisha vidole ndani ya tairi polepole, maana mwiba uliotoboa mara nyingi bado umo, na usipoondolewa utatoboa tena.

Kusini zaidi kwenye njia hiyo, huko Royan, feri huvusha watu na magari kwenye mdomo wa mto Gironde. Baharini unaonekana mnara wa taa wa Cordouan, uliokamilika mwaka 1611. Tukishuka ng'ambo, Le Verdon, wenye magari huondoka kwanza, na wanaokwenda Lacanau hufika kabla ya chakula cha mchana. Mimi nafika jioni, nimepita misonobari yote ya Médoc kwa miguu yangu, na siku hiyo nzima ndiyo niliyoifuata Ufaransa.