Tembo la Saa Kumi

Vilabu vya tembo vya delta ya Rufiji vimeandikwa vibaya na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wahubiri, ambao kila kikombe cha tembo kwao ni ndoa iliyovunjika. Wa pili ni sisi wageni kutoka Dar es Salaam. Tunashuka chomboni na simu mkononi, tunakaa nusu saa chini ya makuti, kisha tunakwenda kuandika kwamba tumeyakuta "maisha halisi". Nadhani sisi ndio tumekiharibia kilabu zaidi. Mhubiri angalau anakubali kwamba pale pana jambo zito.

Ninachokisema mimi kiko Maparoni, wilaya ya Kibiti, mahali ambapo huendi kwa saa yako. Chombo hungoja maji, na maji yakipwa mnakaa mtoni mkitazama mikoko. Kilabu hakina jina wala kibao. Kina nguzo za mikoko, paa la makuti linalovuja upande mmoja, mabenchi mawili, na kipande cha mtumbwi mkuukuu kilichogeuzwa kiti. Choo ni vichaka. Anayetaka kiti chenye mgongo amepotea njia.

Kinywaji ni kimoja tu. Alfajiri mgema hupanda na kotama yake, hukata ncha ya karara na kushusha kilichodondoka usiku kucha. Jioni hupanda tena. Tembo lililoshushwa asubuhi ni tamu, hata mtoto angelipenda. Ikifika saa kumi alasiri limekwisha kuchachuka, lina povu na ukali kidogo unaokamata pembe za ulimi, na hapo ndipo wateja huanza kuja mmojammoja. Kesho yake ni kali. Baada ya hapo ni siki. Ndiyo maana kilabu hiki hakihitaji tangazo wala ratiba ukutani: kinywaji chenyewe kina saa yake, na watu hukutana kwa kuwa wakichelewa hawatalikuta tembo lile.

Linganisha na pombe kali ya dukani. Serikali ilipopiga marufuku viroba Machi 2017, nilidhani tumepona. Pombe ileile ikarudi kwenye chupa ndogo za plastiki. Chupa ile haina saa. Inakaa mfukoni, na mtu anaweza kuimaliza peke yake nyuma ya nyumba bila kumwamkia yeyote. Tembo halina adabu hiyo mbaya. Lazima ulifuate lilipo, na ukifika lazima usalimie.

Mzee niliyemwamkia alinisogezea benchi, akapokea kikombe chake, akaonja, akakiweka chini.

"Mwanangu, hili la jana."

"La asubuhi, babu," alisema mwuzaji.

"La jana."

Mama yule hakubishana. Alilisukuma dumu pembeni akafungua jingine. Babu akaonja tena, safari hii akanywa, hakusema neno. Sijasoma uhakiki mfupi kuliko huo mwaka huu. Tumezoea kusema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na lawama yote tunamtupia mgema. Pale nilimfikiria zaidi yule anayesifu. Babu hakumsifia mtu, na kikombe changu hakikuwa na maji.

Kuna jambo ambalo waandishi wa "maisha halisi" hulipita mbio. Kwa Wagiriama kule Kilifi, mnazi una nafasi yake katika mahari, na mzee hunywa akiwa na mila nyuma yake. Delta ya Rufiji ni ya Waislamu wengi, na tembo halina kinga hiyo. Kilabu kipo kwa kustahiwa. Kimejengwa nyuma, kati ya minazi, mbali na njia ya msikitini. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa mazungumzo yalishuka yenyewe bila mtu kuamrisha. Ukimpiga picha mteja na kuisambaza, umemtoa nyuma ya minazi ukamweka barabarani. Hilo ndilo kosa letu, na halifutwi kwa kuandika kwamba watu walikuwa wakarimu.

Sikisifii kila kitu. Mwanamke anauza lakini hakai. Sikumwona hata mmoja benchini. Daftari la mikopo ni nene kuliko linavyopaswa kuwa. Na mgema hupanda mnazi mrefu kwa miguu mitupu, kukiwa na umande, mara mbili kwa siku, kwa malipo ya dumu. Akianguka, hakuna fungu la kumtibu.

Tena karara likigemwa halizai nazi. Kila jioni ya kilabu ni nazi ambazo mwenye shamba ameamua kutoziuza, na minazi yenyewe inapungua: ugonjwa wa kunyong'onyea umeua minazi mingi katika pwani ya Tanzania Bara, na mnazi mrefu ukipandwa leo hauzai kabla ya miaka sita hivi. Nilimwuliza mwenye shamba anagema mingapi. "Mitano," alisema. "Zamani nilikuwa sihesabu."

Ukienda, acha simu chomboni, na fika saa kumi. Ukiambiwa limekwisha, limekwisha.